Mgongo wa Jirani

Mama mkwe wangu alizikwa mwezi wa sita, msimu wa upepo. Upepo wa Iguguno hauna adabu. Unafunua kanga, unazima jiko, unamwaga vumbi kwenye chai. Siku ya mazishi ulimjaza mchungaji vumbi mdomoni katikati ya sala. Akageuka pembeni, akatema, akaomba radhi, akaendelea palepale alipoishia. Mama mkwe angekuwa hai angenitazama, nami ningemtazama, na tungekuwa tumepata la kuzungumza mpaka mvua zianze.

Huo ndio ulikuwa uhusiano wetu. Wanawake wengi hawapatani na mama wakwe zao. Mimi na wangu tulipatana vizuri sana, kwa sababu sote wawili hatukuwa na imani na binadamu. Tulikaa jikoni tukichambua mlenda na kuchambua watu. Mtu akipita barabarani amevaa vizuri, tulijua anakwenda kuomba kitu. Akipita amevaa vibaya, tulijua ameshanyimwa. Kiswahili kilipotuishia tulihamia Kinyiramba, ambacho kina maneno ya kumweleza mtu mzembe kuanzia kisogoni hadi kisiginoni.

Mume wangu hakurithi hata tone la tabia hiyo. Ni mkulima na mzee wa kanisa, mtu mrefu, mpole, anayetembea kama aliyeambiwa asiamshe mtoto. Tangu namjua, hajawahi kumdhania mtu vibaya. Mtu akipita bila kusalimia, mume wangu anasema huenda jino linamsumbua. Fundi akiacha paa nusu na kutoweka na nyundo yetu, huenda kapata msiba kwao. Kuku asiporudi jioni, huenda kapata wenzake. Nimeishi na maelezo ya namna hiyo ndoa nzima, na sikuwahi kuyazoea.

Nilianza kuyajua asubuhi ya kwanza baada ya kuolewa. Nililala mpaka jua likaingia dirishani. Niliposhtuka, nilimsikia mume wangu uani akimwambia mama yake, "Huyu ni mtu wa kuamka alfajiri, mama. Leo nadhani safari imemchosha."

Hakuwa ananitetea. Aliamini hivyo kabisa. Alikuwa hajawahi kuniona nikiamka hata siku moja, lakini alishaamua.

Nilitoka nikapiga magoti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akanitazama kuanzia kilemba hadi miguu. Akasubiri mwanawe aende kwa ng'ombe, kisha akasema, "Ulilala."

"Nililala, mama."

"Basi kesho uamke. Maana keshasema."

Hapo ndipo urafiki wetu ulipoanza. Na tangu siku hiyo naamka alfajiri. Watu wananisifia. Watoto wangu wote wamekua wakijua kwamba mama yao anapenda kuamka mapema, na wameondoka nyumbani na imani hiyo. Sipendi. Sijawahi kupenda. Ila mume wangu alinitandikia kitanda cha sifa, na kitanda chenyewe hakina nafasi ya kulala.

Sasa nije kwa jirani.

Jirani yetu anakaa ng'ambo ya korongo, mwendo wa kuitana tu. Ni mdogo kidogo kwa mume wangu, anamwita kaka, nami ananiita shemeji. Mashamba yetu ya alizeti yamepakana. Mke wake ni mtu wangu wa karibu. Mama mkwe alipofariki, mke huyo alifika kabla hata vilio havijatulia, akafunga kanga kiunoni, akabeba maji, akapika, akalia na wenye kulia. Kila alipoulizwa mumewe yuko wapi alijibu, "Anakuja." Alijibu hivyo siku ya kwanza. Alijibu hivyo kaburi linachimbwa. Kaburi lilipofukiwa hakuulizwa tena.

Mimi nilijua yuko wapi. Siku ya mazishi sufuria zilipungua, nikakimbia kukopa kwenye nyumba za ng'ambo, nikapita mbele ya nyumba yake. Alikuwa amekaa kwenye jiwe mlangoni, redio begani, ananoa jembe. Mzima kama siku aliyozaliwa. Aliponiona hakusalimia wala hakukimbia. Alilitazama lile jembe kwa makini, kama mtu aliyeletewa kitu cha ajabu kutoka nchi za mbali. Nami nikapita. Nilikuwa na haraka ya sufuria.

Kukosa msiba huku kwetu si jambo dogo. Unaweza kukosa harusi ukasema ng'ombe alikuwa anazaa. Msiba huna la kusema. Siku ya kuanua tanga, watu wameshakula, mwenyekiti wa kitongoji alisimama na kukohoa kikohozi chake cha kikazi.

"Kuna mtu mmoja hakuonekana," alisema. "Hakuchimba, hakubeba, hakutoa hata pole. Na nyumba yake mnaiona kutoka hapa. Kitongoji kina utaratibu wake. Asiyezika wenzake na yeye hazikwi na wenzake."

"Atajichimbia mwenyewe," alisema mzee mmoja nyuma.

Namna mtu anavyojichimbia kaburi mwenyewe haikufafanuliwa, lakini wengi waliitikia kwa vichwa. Yule mzee Mwislamu aliyetuchinjia mbuzi wa msiba, ili watu wote wale bila wasiwasi, alisema afadhali mtu aitwe aulizwe kwanza. Mwingine akasema aulizwe nini tena. Sauti zikaanza kupanda. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na wanawake, na nitasema ukweli: nilikuwa nafurahi kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba uanze kusikia watu wakimsema mtu vizuri, yaani vibaya.

Ndipo mume wangu akasimama. Mfiwa akisimama watu hunyamaza.

"Yule ndugu anaumwa," alisema.

"Nani kakwambia?" mwenyekiti aliuliza.

"Hakuna aliyeniambia. Lakini namjua. Mtu kama yule hawezi kukosa msiba wa mama yangu kama ni mzima. Makosa ni yetu. Siku zote hizi tunakula na kunywa hapa, na hakuna aliyevuka korongo kumtazama mgonjwa."

Watu wote wakageuka kumtazama mke wa jirani. Alikuwa amesimama karibu na jiko ameshika upawa. Alifungua mdomo, akaufunga. Akisema mumewe ni mzima, amemzika. Akisema anaumwa, amesema uongo mbele ya mchungaji.

"Hajisikii vizuri," alisema mwishowe.

Baadaye alinieleza kwamba huo haukuwa uongo. Mtu mwenye kisirani kama kile hawezi kuwa anajisikia vizuri.

"Mnaona?" mume wangu alisema. Akachukua kofia yake. "Twendeni tukampe pole."

Na watu wakaenda. Sijui kama mmewahi kuona watu waliojiandaa kumtenga mtu wakigeuzwa ghafla kuwa watu wanaokwenda kumwona mgonjwa. Nyuso zinachelewa. Tulivuka korongo kwa mstari, wanaume mbele, wanawake nyuma na mabakuli ya pilau iliyobaki, mwenyekiti akiwa bado amekunja uso wa hukumu. Jirani alituona kwa mbali. Aliona kundi zima linamjia, mwenyekiti akiwa mbele, akafahamu kwamba siku yake imefika. Alifanya alichoweza. Aliingia ndani, akalala, akajifunika blanketi mpaka kidevuni.

Tulipoingia chumba kilijaa. Mume wangu alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Pole sana, ndugu yangu. Tumesikia."

"Mmesikia nini?" Jirani aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kwamba unaumwa."

Jirani akamtazama mkewe. Mkewe akatazama mabati. Jirani akamtazama mwenyekiti, akatazama wanaume waliojaa mlangoni, akatazama mabakuli ya pilau. Niliona kabisa akili yake ikitembea kutoka mtu hadi mtu. Mwisho akanitazama mimi, niliyemwona na jembe, na macho yakamtoka.

Nikamsogezea bakuli la pilau.

"Ni mgongo," alisema.

"Mgongo!" watu wakaitikia kwa huzuni ya kweli. Kila mtu huku ana mgongo wake.

Hapo ugonjwa ukaanza. Bibi mmoja alisema mgongo haufai kukaliwa, alale chali. Mwingine akasema chali hapana, alale kifudifudi. Walikubaliana alale chali asubuhi na kifudifudi mchana. Mume wangu alitaka kuita bodaboda impeleke hospitali. Jirani alikataa kwa nguvu nyingi kuliko zinavyomstahili mgonjwa. Mzee mmoja akamuunga mkono, akasema bodaboda itamvunja kabisa, labda mkokoteni wa maksai, taratibu. Jirani akaomba apewe muda kwanza aone. Mchungaji akamwombea. Ilikuwa sala ndefu, iliyotaja kila pingili ya uti wa mgongo, na jirani alipoitikia "Amina" kijasho kilikuwa kimemtoka. Watu walisema hiyo ni dalili njema.

Siku zilizofuata mume wangu alikwenda ng'ambo kila asubuhi. Alimkanda mgongo kwa maji ya moto kwa mikono yake. Alimpelekea asali aliyonunua Itigi, ile niliyokuwa nimeificha. Jioni watu wa jumuiya yetu walihamishia ibada kwake ili asijione mpweke. Waislamu nao walikwenda kwa wakati wao. Hakukuwa na saa ambayo yule mtu angeweza kusimama. Kila nyumba ilipeleka kitu, na Singida tukisema kupeleka kitu kwa mgonjwa tunamaanisha kuku.

Nilikutana na mke wake bombani.

"Pole kwa kuuguza," nilimwambia, kama desturi.

Aliweka ndoo chini. "Dada, usinitanie. Nimeambiwa pole mpaka nimechoka. Anakula kuliko akiwa mzima. Jana kamaliza jogoo peke yake, halafu ananiambia nimgeuze."

"Ukamgeuza?"

"Watu walikuwepo! Ningefanyaje?" Akasogea karibu. "Mwambie mumeo asilete watu. Siku moja tu bila watu, ainuke, aseme amepona. Kila akitaka kuinuka mtu anabisha hodi."

"Si umwambie wewe?"

"Nimemwambia! Nikamwambia mgonjwa anataka kupumzika. Akanishukuru. Akasema nina moyo, akaleta benchi jingine."

Nilirudi nyumbani na maji kichwani, na njia nzima nilikuwa napanga maneno. Jogoo mzima. Nimgeuze. Benchi jingine. Nilipanga namna nitakavyoanza, wapi nitasita, wapi nitaiga ile sauti ya mgonjwa. Mengine niliyaweka kwa Kinyiramba maana yalinoga zaidi. Nikaingia jikoni, nikatua ndoo, nikasema, "Mama, sikia hii."

Kigoda chake kilikuwa pale karibu na mafiga. Hakukuwa na mtu.

Nilikuwa nimelia msibani kama inavyotakiwa. Mkwe analia, watu wanaona, inatosha. Lakini kulia kwenyewe kulinipata pale jikoni, nimesimama na kata ya kubebea ndoo bado iko kichwani. Nililia kwa sauti mbaya. Sikuwa na mtu mwingine duniani wa kumsimulia habari ile. Majirani wangeipeleka kwa mwenyekiti. Mume wangu angenipa maelezo. Yeye tu ndiye angecheka, akafuta macho kwa ncha ya kanga, akasema, "Endelea."

Mume wangu alinikuta hivyo. Alikuwa anatoka ng'ambo, mikono inanukia mafuta ya kuchulia. Alisimama mlangoni, akanitazama kwa huruma.

"Usilie," alisema. "Mgongo unapona. Leo kajigeuza mwenyewe."

Sikujua nicheke au nimpige na mwiko. Nilicheka, nikalia tena, vyote kwa pamoja. "Namlilia mama," nilisema.

Akavua kofia. Kisha akaingia, akainama kwa sababu mlango wa jikoni ni mfupi kwake, akakaa chini sakafuni. Mwanaume wa kwetu hakai jikoni. Yeye alikaa.

"Mimi sijamlilia," alisema. "Nimekuwa na shughuli za mgonjwa."

Nilimtazama. Ndiyo kwanza niliona kwamba amekonda, na kwamba shati lake lilikuwa limefungwa vifungo upande. Kila siku nilimwona akivuka korongo na maji ya moto nikadhani ni wema wake wa kawaida unamsumbua. Sikuwa nimejiuliza anakimbia nini huku nyumbani.

"Mama alikuwa mtu mgumu," alisema.

Katika miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kumsikia akisema neno hilo juu ya mtu yeyote. Nikaiondoa ile kata kichwani.

"Alikuwa mgumu," alirudia. "Baba alipofariki aliacha kuzungumza na watu. Aliacha kucheka kabisa. Nimekua kwenye nyumba ya namna hiyo. Ulipokuja wewe nikawa nawasikia jikoni mnacheka. Nilikuwa nasimama kule zizini, nasikiliza, namshukuru Mungu."

"Tulikuwa tunasema watu," nilimwambia.

"Najua."

"Tulikuwa tunakusema na wewe."

"Najua. Nilikuwa nasikia jina langu." Akakwangua matope kwenye kiatu. "Lakini alikuwa anacheka. Sikuwahi kukwambia asante kwa hilo. Asante."

Mume wangu hushukuru kwa kila kitu. Hushukuru kwa ugali, hushukuru kwa maji ya kuoga, humshukuru dereva wa basi kwa kusimama kituoni. Shukrani zake nilikuwa nazichukulia kama mlio wa mlango. Hii niliisikia. Nikakaa chini naye, na tukamlilia mama yake pamoja mpaka moto ukazimika. Kuhusu jogoo sikumwambia. Haukuwa wakati wake.

Alizeti ya jirani ilikuwa imekomaa kupita kiasi. Vichwa vilikuwa vimeinama, vimekauka, ndege wanashuka kundi kwa kundi, na ule upepo unapukutisha mbegu chini. Kutoka kitandani kwake alikuwa anasikia kila ndege. Mkewe aliniambia alikuwa anauma blanketi. Mume wangu akatangaza kwenye ibada kwamba Jumamosi watu wote waende kumvunia mgonjwa.

"Na yetu je?" niliuliza tulipofika nyumbani. "Yetu nayo imekauka."

"Yetu ina watu wawili wazima."

Jibu nilikuwa nalo, ila lilikuwa refu.

Jumamosi tulikwenda. Walikuja wengi kuliko nilivyotazamia, hata mwenyekiti, na panga lake. Tulikata vichwa, tukavilundika kwenye maturubai, vumbi linatupofua. Nilikata kwa hasira, nakiri, na kila kichwa nilichokikata nilikipa jina la mtu. Jua halijafika utosini tukasikia mtu anaita. Jirani alikuwa anakuja kutoka nyumbani kwake, ameshika fimbo, anatembea kwa mwendo ambao nadhani aliuona kwa babu yake.

"Kaka," alimwambia mume wangu, "nimepata nafuu."

Mume wangu alitupa panga chini, akamkumbatia kwa uangalifu mkubwa, akaita kazi isimame watu washukuru. Tukasimama shambani, kofia mikononi. Tukaomba. Yule mzee wetu Mwislamu akasema, "Alhamdulillahi," na akaisema kwa moyo. Jirani alikuwa katikati yetu, ameinamisha kichwa chini kuliko mtu yeyote. Sala ilipokwisha hakukinyanyua mara moja.

"Kaka, nina neno," alisema. "Mimi kwa kweli sikuwa..."

"Usiongee sana," mume wangu alisema. "Utachoka."

"Hapana, nisikilize. Siku ile ya msiba wa mama..."

"Tunajua. Usijitese. Mama mwenyewe angekuwa hai angeelewa."

Mama mwenyewe angekuwa hai angempeleka kwa mwenyekiti akimvuta sikio. Jirani alijaribu mara nyingine, akakatizwa kwa upole uleule. Basi akaiacha fimbo, akachukua panga, akaingia kwenye mistari. Alikata kama anayefukuzwa. Aliwaacha vijana, akamwacha mwenyekiti, akazunguka akaanza upande wa pili.

"Huu mgongo umepona vibaya," alisema mwenyekiti, akimtazama.

"Ni maombi," mume wangu alimjibu.

Mchana jirani alinifikia kwenye mstari wangu. Tukawa tunakata sambamba, bila kutazamana.

"Shemeji, uliniona siku ile," alisema.

"Nilikuona."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Mume wangu alikuwa ameshasema unaumwa. Mimi mwenyewe naamka alfajiri kwa sababu ya maneno yake."

Hakuelewa, na sikumweleza. Alikata vichwa kadhaa, kisha akasema, "Mama yule alinidhalilisha. Pale kwenye mashine ya kukamua mafuta, watu wamejaa. Alisema mimi ni mtu anayepumzika kabla hajachoka. Watu walicheka mpaka mashine ikazimwa. Nikaapa sitakanyaga kwake, hata kwenye maziko yake."

Nilikuwepo siku hiyo. Nilikuwa miongoni mwa waliocheka. Ulikuwa msemo mzuri.

"Mimi aliniambia mikono yangu imeumbwa kwa kunawa," nilisema. "Mchungaji alimwambia mahubiri yake yanafaa kwa mtu mwenye kukosa usingizi. Alimwambia mbele ya mke wake. Hakuna aliyesalimika. Kila mtu angesusa kwa ajili ya hilo, maziko yake yangehudhuriwa na mbuzi."

Akacheka. Halafu akaacha, akapangusa uso kwa mkono wa shati. "Nilitaka kuja," alisema. "Siku ya kwanza nilikataa. Siku ya pili nilitaka kuja, lakini ningeingiaje? Wangeniuliza jana nilikuwa wapi. Ya tatu ikawa mbaya zaidi. Nikakaa kunoa jembe. Lile jembe nimelinoa mpaka limebaki dogo."

Nikamwamini. Sikuwa na desturi hiyo, lakini nikamwamini, maana mambo mengi mabaya niliyoyafanya mimi yalikwenda hivyohivyo: la kwanza nilitaka, mengine nikashindwa tu kurudi.

Mavuno yalipokwisha, ukoo ulikutana kumjengea mama kaburi. Jirani alileta mawe kwa mkokoteni wa maksai wake, hakuna aliyemwagiza. Alifika kabla ya fundi. Alibeba, alichanganya saruji, alipanga mawe kwa mpangilio na kuyapanga upya. Chakula kilipoiva akaitwa, akajibu kwamba hajachoka bado. Akaitwa tena, akajibu vilevile, kwa sauti kubwa, ameelekea kaburini. Watu walidhani anamjibu aliyemwita. Mke wake akanitazama, nami nikamtazama.

"Hata saruji akiimaliza, huyo hasamehewi," alisema polepole, akikoroga mchuzi. "Mama yule alikuwa na kumbukumbu."

Nikasogeza kiti changu karibu na jiko lake. Nilikuwa sijawahi kujua kwamba ana kipaji.

Mume wangu hajui mpaka leo kwamba ule mgongo ulikuwa mzima. Nimejaribu kumwambia mara mbili tatu, kwa nia njema na kwa nia nyingine, na kila nikianza namwona anavyofurahi kwamba mtu alipona, naacha. Yeye na jirani sasa wanalima kwa zamu, leo huku kesho kule. Msiba ukitokea popote, Iguguno hadi vijiji vya juu, jirani yetu ndiye wa kwanza kufika na sepetu. Bado ana kisirani. Bado anapumzika kabla hajachoka, siku za kawaida. Mume wangu anasema ni masalia ya ugonjwa.

Nami sijawa mtu mwema. Napenda liwe wazi, maana kanisani wameanza kuniomba nizungumze na mabinti wanaotaka kuolewa. Kilichobadilika ni kidogo. Mume wangu akianza kumtafutia mtu sababu, simkatizi tena. Zamani nilikuwa namalizia sentensi yake kwa maneno ya mama yake. Siku hizi nakaa, nasikiliza mpaka mwisho, na mara mojamoja ile sababu inaniingia kabla sijajua.

Juzi tulikuwa tumekaa uani tunakunywa uji. Mbuzi wa watu wameingia kwenye mahindi yetu, tunawaona kabisa, masikio yanacheza. Mume wangu akapuliza uji wake.

"Huenda mwenyewe anauguza," alisema. "Na unajua mtoto anayewachunga naye ana shule. Na ule uzio wetu pia tuliuacha wazi, wanyama wakaona kama wamekaribishwa."

Nikamwacha amalize. Alipomaliza, nikamwambia inawezekana. Kisha nikaweka kikombe chini, nikachukua fimbo, nikaenda kuwatoa wale mbuzi.